Mabinti wa Kiislamu kwenye mkeka wa judo: ruhusa ya London, katazo la Jakarta na wajibu wetu wazazi



Mji wa Dakar, Senegal, umepangiwa kupokea Michezo ya Olimpiki ya Vijana kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026. Ni mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki kupangiwa bara la Afrika, tena katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu. Judo ni mmoja wa michezo iliyomo kwenye ratiba, na washindani wenyewe ni vijana wasiozidi miaka 17. Kwa hivyo ni umri wa watoto wetu walioko skuli na madrasa hivi sasa.

Visiwani kwetu judo si mchezo wa kusikia redioni tu. Mwalimu wa Kijapani, Tsuyoshi Shimaoka, ameufundisha Zanzibar kwa miaka mingi, na wapo vijana wetu waliofika mbali kupitia mikono yake. Basi ndugu msomaji usistaajabu iwapo siku moja binti yako atarudi nyumbani akakwambia: "Baba, mimi nataka kujifunza judo." Wazazi wengi hukimbilia swali moja: inajuzu au haijuzu? Ni swali la lazima, na tutaligusa huko mbele. Ila kwanza tuwatazame mabinti wawili wa Kiislamu waliokwisha kupita njia hii, mmoja London mwaka 2012 na mwengine Jakarta mwaka 2018. Wote wawili walisimamishwa mlangoni kwa sababu ya kitambaa cha kichwani. Mmoja aliruhusiwa, mwengine akatolewa. Tukielewa sababu ya tofauti hiyo, tutaelewa pia kazi gani inatusubiri sisi watu wazima.

Binti wa Makkah

Wojdan Shaherkani ni mzaliwa wa Makkah. Mwaka 2012 alikuwa na umri wa miaka 16, na baba yake, Ali Shaherkani, ni mwamuzi wa judo. Kabla ya mwaka ule Saudi Arabia haikuwahi kupeleka mwanamke hata mmoja kwenye Olimpiki. Qatar na Brunei nazo zilikuwa hivyo hivyo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa ikiishinikiza Saudia kwa muda, na mwezi wa Julai 2012, wiki chache tu kabla ya michezo kufunguliwa, ikatangazwa kwamba wanawake wawili wangekwenda London: Wojdan katika judo, na Sarah Attar, mwenye umri wa miaka 19, katika mbio za mita 800.

Wote wawili walikwenda kwa mwaliko maalumu. Hawakupata nafasi zao kwa kushinda mashindano ya kufuzu. Wakuu wa michezo wa Saudia walitoa masharti yao: mavazi yalingane na sharia, binti afuatane na walii wake, na pasiwe na mchanganyiko na wanaume. Kwa nchi ile, masharti hayo hayakumshangaza mtu.

Mshangao ulitoka upande wa pili. Siku chache kabla ya pambano, rais wa Shirikisho la Judo la Kimataifa, Marius Vizer, akasema Wojdan angepigana bila ya hijabu, kwa mujibu wa kanuni na desturi za mchezo. Sababu iliyotajwa ni usalama. Katika judo hakuna kupiga ngumi wala mateke. Mtu humkamata mwenzake nguo, akamwangusha, akamkandamiza chini, na watu wazima huruhusiwa pia kukabana shingo kwa mbinu maalumu. Nguo iliyozunguka shingo inaweza kuvutika na kumdhuru mwenye kuivaa. Hoja hii inastahili kusikilizwa, kwani kujikinga na madhara ni jambo ambalo dini yetu wenyewe imelisisitiza.

Baba akajibu kwamba bila ya stara binti yake hatoshiriki. Yakafanyika mazungumzo baina ya Kamati ya Olimpiki, shirikisho la judo na ujumbe wa Saudia, na hatimaye wakakubaliana juu ya kofia nyeusi ya kubana inayoficha nywele bila ya kuzunguka shingo. Hapa tunajifunza kwamba watu wakikaa na kuzungumza kwa nia ya kutafuta njia, mara nyingi njia hupatikana. Hoja ya usalama ilijibiwa, na stara ikabaki.

Sekunde 82

Siku ya Ijumaa, tarehe 3 Agosti 2012, katikati ya mwezi wa Ramadhani, Wojdan akapanda mkekani katika uzani wa zaidi ya kilo 78. Mpinzani wake alikuwa Melissa Mojica wa Puerto Rico, mwanamke wa miaka 28 mwenye uzoefu wa mashindano makubwa. Wojdan alikuwa na mkanda wa buluu, ambao uko chini ya mkanda mweusi. Washindani wa ngazi ile kwa kawaida ni wa mkanda mweusi. Pambano la wanawake wakati ule lilikuwa la dakika tano. Lake lilimalizika kwa sekunde 82, alipoangushwa na mpinzani akapewa pointi kamili, ambayo Wajapani huiita ippon. Watazamaji walimpigia makofi, na hapo ndipo safari yake ya Olimpiki ilipokomea. Jina lake halikurudi tena katika michezo ile.

Wako waliocheka. Sisi tunauliza: alishindwa na nani hasa?

Katika skuli za serikali za Saudia wakati ule wasichana hawakuwa na somo la mazoezi ya viungo. Uamuzi wa kulianzisha ulitangazwa Julai 2017, miaka mitano baada ya London. Wanawake waliruhusiwa kuingia viwanjani kutazama mpira Januari 2018. Maana yake ni kwamba binti yule alitolewa katika mazingira ambayo mwenzake wa kike hakuwa na pahala pa kukimbia skuli, akapelekwa moja kwa moja mbele ya dunia nzima. Sarah Attar, aliyezaliwa na kukulia Marekani, angalau alikuwa amekulia katika skuli ambazo msichana kukimbia ni jambo la kawaida. Yeye alimaliza wa mwisho katika mbio zake, lakini aliendelea, na mwaka 2016 alirudi Olimpiki ya Rio kukimbia marathoni. Wojdan hakuwa na msingi kama huo. Alichokuwa nacho ni baba yake tu.

Kamati ilitaka picha ya mwanamke wa Saudia. Serikali ilitaka kuondokewa na lawama. Kila mmoja alipata alichokitaka ndani ya zile sekunde 82, na aliyelipa gharama ni mtoto wa miaka 16.

Ndimi zilizokuwa na saumu

Gharama nyengine ililipwa nyumbani. Kwenye mtandao wa Twitter, Waislamu waliokuwa wakipinga ushiriki wa mabinti hawa waliwaita majina ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Neno la uzinifu lilitumiwa hadharani dhidi ya wasichana ambao hakuna aliyewashuhudia na lolote. Tena hayo yalitokea ndani ya mwezi wa Ramadhani, na wengi wa waandishi wake bila shaka walikuwa wamefunga.

Ndugu zetu, mtu anayo haki ya kuamini kwamba si sahihi mwanamke kushindana mbele ya wanaume. Wapo wanazuoni wakubwa wenye rai hiyo, na wana dalili zao. Lakini kumtuhumu mwanamke kwa zinaa bila ya mashahidi wanne si suala la khitilafu. Allaah Subhaanahu wa Ta'aalaa ameliweka wazi katika Suratun-Nuur, aya ya 4: adhabu yake ni viboko themanini, ushahidi wa mtu huyo haukubaliwi tena, na anahesabika fasiki, isipokuwa atakayetubia na kutengenea, kama ilivyokuja katika aya inayofuata. Katika Suratul-Hujuraat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya, na wanawake wametajwa humo kwa makusudi.

Basi tupime wenyewe. Binti alifanya jambo ambalo wanazuoni wamekhitilafiana juu yake, hali amejisitiri kwa kadiri alivyoweza na baba yake yuko pembeni. Waliomtukana wakafanya jambo ambalo hakuna mwanazuoni hata mmoja aliyelihalalisha. Ni nani kati yao aliyevunja mpaka ulio wazi zaidi?

Tunalisema hili kwa sababu tabia hiyo iko kwetu pia. Ikitokea picha ya msichana wa kisiwani akiwa katika mashindano, makundi ya WhatsApp hujaa maneno kabla mtu hajauliza ni mtoto wa nani, na wazazi wake wameridhia nini. Aliyetaka kunasihi njia anaijua: amwendee baba au mama yake, azungumze naye kwa siri na kwa adabu.

Jakarta, miaka sita baadaye

Mtu angedhani baada ya London jambo limekwisha. Halikwisha. Oktoba 2018, katika Michezo ya Asia ya watu wenye ulemavu iliyofanyika Jakarta, binti wa Aceh mwenye ulemavu wa macho, Miftahul Jannah, mwenye umri wa miaka 21, alifika mkekani katika uzani wa kilo 52. Waamuzi wakamtaka avue hijabu. Akakataa, na akaondolewa mashindanoni kabla ya kupigana hata sekunde moja.

Tazama mazingira yenyewe. Indonesia ndiyo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Binti alikuwa nyumbani kwao, mbele ya watu wake, katika mashindano yaliyoandaliwa na nchi yake. Hakuwa mgeni wa mtu. Sababu aliyopewa ni ile ile ya London: kanuni za judo hazikuruhusu kifuniko cha kichwa, kwa ajili ya usalama. Baadaye wakuu wa timu ya Indonesia walikiri kwamba kanuni hiyo haikueleweka vyema upande wao. Maana yake ni kwamba mtoto alifunzwa, akasajiliwa, akafikishwa hadi kwenye mkeka, na hakuna mtu mzima aliyehakikisha mapema kama mlango uko wazi.

Msimamo wake ulisifiwa sana nchini mwao, na sisi tunamuomba Allaah amlipe kheri kwa kuitanguliza dini yake. Lakini sifa hazimrudishii miaka ya mazoezi. Na walio wepesi wa kumsifu binti kwa kusubiri wajiulize kwa nini alilazimika kusubiri.

Tofauti ya London na Jakarta basi iko wapi? Dini ni ile ile, mchezo ni ule ule. London ilikuwapo dola tajiri, na Kamati ya Olimpiki iliyokuwa na hamu kubwa ya kumuona mwanamke wa Saudia. Ruhusa ikapatikana kwa mtu mmoja, kwa siku moja. Jakarta hapakuwa na hamu hiyo, na ile ruhusa ya London haikumfaa kitu binti wa Aceh. Ruhusa ya namna hiyo ni hisani, na hisani humalizika anapoondoka aliyeitoa.

Linganisha na mpira wa miguu. Juni 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiliwa kucheza na Jordan mjini Amman katika mechi ya kufuzu Olimpiki, kwa sababu ya hijabu. Baada ya hapo Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA, alilibeba suala hili mpaka kwenye bodi inayotunga sheria za mpira. Zikaletwa aina za hijabu zilizo salama, ikaruhusiwa kwa majaribio Julai 2012, na Machi 2014 ikaandikwa rasmi kuwa ni ruhusa ya kudumu. Mpira wa kikapu nao ukabadilisha kanuni yake mwaka 2017. Matunda yake ni kwamba Julai 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake, Nouhaila Benzina wa Morocco aliingia uwanjani na hijabu yake, na hakukuwa na haja ya kumbembeleza mwamuzi. Kazi ilikwisha kufanywa na watu wazima, kwa makaratasi, miaka tisa kabla.

Hatuyataji haya ili kumwambia kila mzazi ampeleke binti yake Kombe la Dunia. Tunayataja ili ionekane kwamba haki iliyoandikwa humlinda mtoto, na isiyoandikwa humwacha pekee yake siku ya mtihani.

Upande wa sharia

Asili ya mazoezi ya mwili katika Uislamu ni kuruhusika, na yanaweza kuwa ni ibada kwa nia njema. Imepokewa na Abu Daawuud kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alishindana mbio na mkewe Bi. 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa). Imepokewa pia kwamba alipigana mieleka na Rukaanah na akamuangusha, ingawa wanazuoni wamezungumza juu ya isnadi ya riwaya hiyo. Kadhalika kumpiga mtu usoni kumekatazwa, na judo imesalimika na hilo.

Kwa mwanamke, wanazuoni huweka masharti yanayofahamika: stara kamili, kutokuwapo mguso na mchanganyiko na wanaume ajinabi, kutopuuzwa Swalah, kutodhurika mwili, na idhini ya wazee wake. Mazoezi ya wanawake watupu, pahala palipositirika, na mwalimu wa kike, ni jambo ambalo wengi wao hawaoni tabu nalo. Khitilafu kubwa iko katika kushindana hadharani mbele ya wanaume na kamera. Baadhi wamekataza moja kwa moja, na wengine wameruhusu kwa masharti mazito. Lipo pia suala la kuinamiana, ambayo ndiyo salamu ya judo. Wapo wanaoliona ni ada ya mchezo tu, na wapo wanaolikataza kwa sababu ya Hadithi iliyopokewa na at-Tirmidhiy kuhusu mtu kumuinamia nduguye. Makala hii si fatwa. Mwenye binti amwendee shaykh anayemuamini, amueleze hali yake halisi, kwani jawabu la mazoezi ya watoto wa kike mtaani huenda lisiwe sawa na jawabu la Olimpiki.

Kabla hujasema ndiyo au hapana

Wazazi wenzetu, kutokana na visa hivi viwili tunaona mambo manne ya kufanya mapema.

La kwanza, uliza kanuni inayotumika sasa, si ya mwaka juzi. Muombe mwalimu au chama cha mchezo kiandike: binti wangu ataruhusiwa kuvaa nini, katika ngazi ya mtaa, ya taifa, na ya nje? Jawabu la mdomo lisikutoshe. Miftahul Jannah alikuwa na mwalimu na chama pia.

La pili, kagua pahala pa mazoezi. Ni nani anayefundisha, saa ngapi, na kuna nani mwengine ukumbini? Judo ni mchezo wa kushikana, hivyo mabinti wawe na mabinti wenzao. Ikiwa hakuna mwalimu wa kike, basi hiyo ndiyo kazi ya kuanzia: jumuiya zetu zinaweza kumsomesha mwanamke mmoja mwenye kipaji akawa mwalimu, naye akafundisha mamia.

La tatu, usimruke mtoto. Binti ajenge mwili wake skuli, ajifunze kuanguka salama kabla ya kujifunza kuangusha, ashindane na wa umri wake na mkanda wake. Akija mtu na mwaliko wa ghafla wa kumpeleka mbali ili picha ipatikane, baba na mama wana haki ya kusema: bado. Kumkataza binti mashindano ambayo hayuko tayari kwayo si kumvunja moyo, ni kumlea.

La nne, asimame mtu pembeni yake. Katika kisa chote cha London, aliyefanya wajibu wake bila ya kubadilika ni yule baba. Alimfundisha, aliitetea stara yake mbele ya wakuu wa dunia, na alikuwa naye siku ile. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi wake wa kumpeleka, lakini hakuna anayeweza kusema alimtupa mwanawe.

Na vyama vyetu vya michezo visiwani, pamoja na taasisi za Kiislamu, vina la kufanya kabla ya Dakar na baada yake: kupeleka barua kwa mashirikisho ya kimataifa, kueleza aina ya kifuniko kinachokubalika kisharia na kilicho salama, na kutaka kiandikwe kwenye kanuni. Barua hiyo haigharimu mamilioni. Tusipoiandika sisi, siku moja mtoto wa kisiwani atasimama mbele ya mwamuzi, aambiwe avue, na wa kumtetea hayupo.

Tunamuomba Allaah awahifadhi mabinti zetu, awape afya na haya, azilinde ndimi zetu zisiwadhulumu, na atupe sisi wazazi busara ya kufanya kazi kabla ya wakati wake kupita. Aamiin.

Wa Allaahu A'lam.